Fundi Kanyaga na Mguu wa Shahidi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kufunga kazi, fundi mkuu wa breki katika karakana ya shirika letu la maji atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Jina lake la kwenye kitambulisho halijulikani na wengi, na wanaolijua hawalitumii. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Fundi Kanyaga, kwa sababu hilo ndilo neno linalosikika kutoka chini ya magari yetu tangu asubuhi hadi jioni. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga tena.

Kamati ya kuaga ilinikabidhi mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa madai kwamba namfahamu vizuri. Ni kweli namfahamu. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akija dirishani kwangu kuchukua kitambaa cha kufutia mikono na kunirudishia nyuzi. Kamati iliniomba pia niandike mazuri tu. Nitajitahidi.

Mstaafu wetu aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, kazi yake ikiwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Kupanda kwake cheo kulitokana na wembamba huo huo. Fundi wa breki wa enzi zile alikuwa ameneemeka mwili hadi baadhi ya magari yakawa hayamkubali tena kuingia chini, ikabidi atafutwe mtu wa kupenya. Kanyaga akapenya, akakaa huko huko. Wembamba wenyewe umebaki kwenye picha ya ukutani, karibu na ndoo ya mchanga, na wageni huuliza yule kijana alihamia wapi.

Ili kuelewa uzito wa kazi yake, msomaji akumbuke mahali tulipo. Ofisi zetu ziko juu ya kilima, kwa kuwa tangi la maji lazima likae juu, na sisi tukakaa na tangi letu. Kila gari linalotoka hapa huanza safari kwa mteremko mkali, na mwisho wa mteremko barabara inakata kona mbele ya kibanda cha kinyozi. Lori lililojaa maji likishuka pale bila breki, hakuna wa kusimulia. Katika miaka thelathini na sita ya Kanyaga, hakuna gari hata moja la shirika lililokosa breki kwenye mteremko ule. Wapo kati yetu walio na watoto leo kwa sababu ya mtu huyu, na tunasema hivyo bila utani.

Mambo mawili aliyotuachia yatadumu. La kwanza ni somo lake kwa madereva. Zamani, malori yetu yalipokuwa mazee na breki zao za kubembelezwa, aliwafundisha madereva wote kugusa kwanza, kisha kukanyaga. Mguu ukitua kwenye pedeli, uguse kidogo, uachie, ndipo ukanyage kweli. Aliwafundisha madereva, mafundi, wakuu wa idara, hata waliokuja kwa mafunzo ya miezi mitatu. Hakuna mtu aliyeshika usukani wa shirika hili bila kupitia somo hilo, na Kanyaga alikuwa mkali nalo kuliko mwalimu wa hesabu.

La pili ni kanuni ya shahidi. Alikuwa akisema mguu wa fundi si shahidi. Aliyetengeneza breki haruhusiwi kuipima mwenyewe, maana moyo wake unataka iwe imepona, na mguu husikiliza moyo. Lazima apande mtu mwingine, akanyage, na pedeli ikisimama juu, ngumu kama ngazi, gari linatoka. Ikizama, linarudi. Kwa kanuni hiyo aliwahi kumzuia mkurugenzi mzima na wageni wake getini, na mkurugenzi akashuka akapanda pikipiki ya mpeleka ankara.

Sasa tufike kwa Kigari, maana bila Kigari wasifu huu ni nusu.

Kigari ni gari dogo la milango miwili, mgongo wa mviringo, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Ndilo lililokuwa gari la kwanza la shirika, na kwa umri linawashinda wafanyakazi wengi. Lilipoondolewa kazini, Kanyaga alilichukua likawa lake, akalitunza kwa vipuri vya kuokoteza na vya kuchonga. Kila asubuhi hulifuta umande kabla hajasalimia mtu. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ndiye anayetushonea ovaroli, hajawahi kuliita gari. Huliita mwenzangu, kama mke anavyomwita mke mwenziwe. Mwenzangu ameamkaje leo. Mwenzangu umemnunulia nini safari hii. Kanyaga hujibu maswali hayo kwa kukohoa.

Kwa miaka mingi wifi yetu huyu alipanda Kigari, akikaa upande wa abiria, na kila mumewe aliposhika breki na yeye alikanyaga sakafu upande wake. Zulia likatoboka pale pa mguu wake wa kulia, tundu la ukubwa wa kisahani. Alikuwa akisema pedeli ya gari hili inazama, anaona kabisa jinsi goti la mumewe linavyokwenda mbali. Kanyaga alikuwa akisema pedeli ni ngumu, na kwamba mwenye cheo cha breki ndani ya nyumba ile ni mmoja.

Ikafika siku ya kinyozi. Kinyozi mwenyewe hapendi siku hiyo itajwe, lakini nimemwomba ruhusa. Walikuwa wakishuka mteremko, wifi amepakata furushi la sare za shule anazokwenda kumpelekea mteja, mwendesha baiskeli akakata mbele yao ghafla. Kanyaga akatupa mguu kwenye pedeli. Mkanyago wa kwanza ulikwenda hadi sakafuni. Wa pili ukashika, barabara, lakini wakati huo kioo cha mbele cha Kigari kilikuwa kimeshaanza kutazamana na kioo cha kinyozi. Hakuna aliyeumia. Kilichovunjika ni kioo kimoja na heshima ya mkuu wetu wa utawala, aliyekuwa kitini amenyolewa upande mmoja, akatoka mbio na shuka shingoni. Alihudhuria kikao cha mchana amevaa kofia, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kanyaga aliwaambia watu kwamba breki ilishika. Hakudanganya, ilishika ndani ya kibanda. Wifi alishuka, akakung'uta vioo kwenye sare za watoto wa watu, akaweka furushi kichwani, akaenda zake kwa miguu. Tangu siku hiyo hakupanda tena Kigari.

Mji mzima uliwazoea. Wifi akienda kununua vitambaa, anatembea kando ya barabara, na Kanyaga anaendesha taratibu pembeni yake, dirisha limeshushwa, wanazungumza. Wanajadili karo, bati linalovuja, shemeji fulani ambaye hapokei simu. Mazungumzo ya kawaida kabisa ya mume na mke, isipokuwa mmoja yuko ndani ya gari na mwingine yuko kwenye vumbi. Ukimwuliza Kanyaga, alikuwa anacheka. Sisi tuliokaa naye miaka tulijua kicheko hicho kilikuwa kinamuuma.

Karakana yetu ina desturi yake ya kuaga. Mstaafu hutoka getini akiendesha gari la mwisho alilolitengeneza kwa mkono wake, na mtu wa nyumbani kwake amekaa kando yake, wafanyakazi wakiwa wamejipanga pande zote mbili. Fundi wa matairi alitoka na trekta, mama yake mzazi amekaa juu ya tairi amefungua mwavuli. Kanyaga alikuwa ametangaza miaka mingi iliyopita kwamba yeye atatoka na Kigari. Ilipobaki miezi miwili, mchomeleaji, rafiki yake wa karibu, akamwuliza kwa upole nani atakaa kando. Kanyaga akaweka spana chini. Akasema miaka yote hii amehakikisha wake za watu na waume za watu wanafika nyumbani, na wa kwake anakwenda kwa miguu. Akasema kama kiti kile kitakuwa kitupu, afadhali apite geti la nyuma asionekane.

Basi akamwomba mkewe. Nilikuwepo, nimekwenda kufuata ovaroli. Wifi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na hakuinua macho. Akasema atapanda, na atavaa hata lile gauni la bluu, ila pedeli iwe ngumu chini ya mguu wake yeye, si mguu wa baba watoto. Asipoikuta ngumu, atatembea kando ya gari siku hiyo kama siku zote, na watu wote wa shirika wamtazame. Kanyaga akakubali akitabasamu, maana moyoni alijua pedeli ni ngumu.

Wifi akapanda kilima, akafika karakana, akaingia Kigari upande wa dereva, akakanyaga. Mguu ukazama. Akamtazama mumewe. Kanyaga akamwomba apishe, akakaa yeye, akakanyaga, pedeli ikasimama kama jiwe. Wifi akarudi, ikazama. Hapo Kanyaga akaikumbuka kanuni yake mwenyewe, kwamba mguu wa fundi si shahidi, akaita mashahidi. Akapanda fundi umeme, akasema ngumu. Mchomeleaji, ngumu. Dereva wa lori kubwa, mtu mwenye mguu kama gogo, akasema hii ni ngumu kuliko ya lori langu. Akapanda wifi, ikazama. Fundi umeme akamwambia kwa heshima zote kwamba shemeji, huenda ni viatu. Wifi akavua viatu, akakanyaga pekupeku, ikazama vilevile, na fundi umeme akaenda kutazama betri ambayo haikuwa na tatizo.

Mtu mwingine angeishia hapo akasema mke wangu ana ubishi. Kwa Kanyaga, pedeli iliyozama chini ya mguu wowote ni pedeli iliyozama, na tunamheshimu kwa hilo. Akaanza kuitafuta.

Alianza na upepo, kwa kuwa upepo ukiingia kwenye bomba la mafuta ya breki, pedeli hulegea kama godoro. Akalala chini, fundi umeme akakaa kitini, na wimbo wetu ukaanza: kanyaga, shikilia, achia. Akafungua nati ya kutolea upepo kwenye kila gurudumu, akisubiri povu. Yalitoka mafuta safi, bila kipovu kimoja. Akaita mashahidi, wote wakasema ngumu. Akaitwa wifi, akaacha cherehani yake, akapanda kilima, akakanyaga, ikazama.

Akahamia kwenye mipira inayopeleka mafuta magurudumuni, maana mpira uliozeeka huvimba kila ukikanyaga na kula nguvu yote. Akaibadilisha yote. Ngumu, wakasema mashahidi. Wifi akapanda kilima. Ikazama. Akafungua masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta, akatia mipira mipya ya ndani, akaifunga kwa uangalifu wa mtu anayefunga jeraha la mwanawe. Ngumu. Wifi, kilima, ikazama. Stoo yangu ilikuwa inanuka mafuta ya breki hata mkate wangu wa saa nne ukawa na ladha hiyo. Kanyaga akaacha kula mchana. Karakana ikagawanyika, wengine wakisema shemeji anamkomoa mzee kwa ajili ya mambo ya zamani, wengine wakisema mwanamke huyu hajawahi kusema uongo hata kwenye vipimo vya kiuno chako.

Fundi umeme, ambaye leo ameniomba nisimtaje, akaja na wazo. Tuweke kipande cha mbao chini ya pedeli. Isiweze kuzama, shemeji aridhike, siku ya sherehe ipite, kisha tukitoe. Kanyaga akamwambia kwamba amekaa kazini miaka thelathini na sita ili watu wakikanyaga wapate breki, si mbao. Akaongeza kwamba akimdanganya mama watoto kwa kipande cha mbao, basi kiti kile kitakuwa kitupu hata kikiwa kimekaliwa. Fundi umeme akaomba radhi, na siku hiyo ndiye aliyefagia.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Wifi alipoitwa mara ya mwisho, alipima, ikazama, lakini hakwenda zake. Nadhani alimwona mumewe usoni. Kanyaga alikuwa amekaa kwenye tairi ameinamia mikono yake, na ni mtu ambaye hatujazoea kumwona amekaa. Wifi akavuta stuli, akaiweka kwenye mlango wa Kigari uliokuwa wazi, akaketi, akasema jamani, hebu kanyageni tena mmoja mmoja, mimi nataka kuangalia tu.

Akaangalia. Huyu ni mtu aliyefundisha wasichana wengi kutumia cherehani ya miguu, na anasema mshono ukipinda yeye hatazami mikono, anatazama mguu. Akapanda mchomeleaji. Akapanda dereva wa lori. Akapanda Kanyaga mwenyewe. Wifi akaomba Kanyaga arudie. Kisha akacheka, si kwa kejeli, alicheka mpaka akashika ubavu wa Kigari, ambao kwa kawaida haugusi. Akasema, baba watoto, mguu wako unabisha hodi.

Hatukuelewa. Akatuonyesha. Mguu ukifika kwenye pedeli unagonga kidogo, unaachia, ndipo unaingia. Wote mnabisha hodi, akasema. Mimi naingia tu.

Gusa kwanza, kisha kanyaga. Somo la enzi za malori mazee lilikuwa limeingia kwenye miguu yetu hadi hakuna aliyelisikia tena. Ule mguso wa kwanza ulikuwa unazama, na pedeli inapanda juu kuupokea mkanyago wa pili, na huo wa pili ndio kila mtu aliouita ngumu. Kanyaga alikuwa ameita mashahidi, naam, lakini mashahidi wote walikuwa wanafunzi wa mshtakiwa. Dereva wa lori akasema yeye habishi hodi, akapanda kuthibitisha, akabisha. Mchomeleaji akajishika goti kwa mikono miwili ili mguu usicheze, ukacheza. Mkuu wa karakana alitoka ofisini kuona kelele ya nini, akaombwa akanyage bila maelezo, akabisha hodi kwa ustaarabu wa cheo chake.

Ndipo mtu akakumbuka kwamba mtunza stoo hajawahi kujifunza kuendesha. Nikaitwa kutoka dirishani, nikakanyaga, mguu wangu ukazama hadi sakafuni. Nilikuwa pale hatua mbili kutoka Kigari tangu mwanzo wa mkasa. Hakuna aliyeniuliza. Nilijiahidi kwamba nikipewa nafasi ya kuandika, hilo nitalitaja.

Kanyaga alisimama. Rangi ilimrudia usoni. Pedeli inayopanda kwa mkanyago wa pili, akasema, na kukaa juu, haina upepo. Upepo ungeiacha ikinesanesa. Hii ni ngumu ila iko mbali. Maana yake viatu vya breki, vile vyuma viwili vilivyopinda ndani ya gurudumu, vimekaa mbali mno na dramu vinayopaswa kuikamata, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Mkanyago wa kwanza unaishia kuvisogeza tu. Hilo ndilo jambo la kwanza analomfundisha kila fundi mgeni, kwamba kabla hujagusa chupa ya mafuta, rekebisha viatu. Kwa Kigari hakufanya, kwa kuwa Kigari anakijua. Waswahili walishasema kinyozi hajinyoi, na kwa Kanyaga methali hiyo ina uchungu wa ziada kila apitapo kwenye kona ile.

Akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaingia chini. Zile skrubu za kusogezea viatu zilikuwa zimeganda kwa kutu, hazijazunguka tangu miaka ambayo baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa. Alizitia mafuta, akazigonga taratibu, akazibembeleza kwa maneno ambayo kamati imenikataza kuyaandika. Zikaachia. Akakaza hadi gurudumu likagoma kuzunguka, akalegeza kidogo hadi likazunguka likinong'ona.

Likabaki suala la shahidi. Mafundi wote wa breki wa shirika walikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyefaa; mimi nisiyesoma nilikuwepo, lakini ahadi ilikuwa ya mguu wa wifi. Kanyaga akatoa kichwa chini ya gari, uso wote masizi, akamtazama mkewe, akamwomba kama anavyoomba mtu anayejua hana njia nyingine. Wifi akapanda kiti cha dereva. Kutoka chini ikasikika sauti tuliyoizoea miaka yote, ila safari hii ilitoka polepole. Kanyaga, mama. Na kutoka juu ikajibu, nimekanyaga. Shikilia. Nimeshikilia. Achia. Wakaenda hivyo gurudumu moja baada ya lingine, na kuna mahali wifi alisema hapana, bado, kaza tena huko kushoto, na fundi mkuu wa breki akakaza bila kubisha.

Mwishowe akakanyaga, mguu ukasimama juu. Akaachia, akakanyaga tena mara moja tu, kwa nguvu zote. Ukasimama pale pale. Hakusifu wala hakupiga makofi. Aliuliza tu mlango wa upande wa pili siku hizi unafunguliwaje, maana amesahau.

Kanuni zetu zinataka gari lijaribiwe kwenye mteremko kabla ya kutoka rasmi. Nilipanda nyuma, nimepakata chupa ya mafuta ya breki iwapo lolote litatokea, magoti yameingia kidevuni. Kanyaga kwenye usukani, wifi kando yake. Kinyozi alikuwa mlangoni. Alipoona kinachoshuka, aliingiza kiti ndani, akamwingiza mteja, kisha akaingia mwenyewe.

Kigari kikashika mwendo. Mimi huwa sitazami barabara mahali kama pale, kwa hiyo nilitazama chini, kwenye lile tundu la zulia upande wa abiria, nikisubiri kuona mguu wake ukikanyaga. Haukuwepo. Nikanyoosha shingo. Wifi alikuwa amevua viatu na kukunja miguu juu ya kiti, vile mtu anavyokaa sebuleni kwake, na alikuwa anasema wakifika mjini wapitie dukani, uzi mweusi umemwishia.

Kanyaga akakanyaga. Alibisha hodi kwanza, hiyo haitamtoka tena, lakini safari hii mlango ulifunguka kwa hodi ya kwanza, na Kigari kikasimama mbali kabisa na kibanda. Tukakaa pale. Gari la nyuma yetu likapiga honi, likapiga tena. Fundi wetu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Akasema ni vumbi la dramu. Wifi akampa leso na kumwambia kweli, leo kuna vumbi. Mimi huko nyuma nililia waziwazi, sina cha kusingizia.

Wafanyakazi tulitaka kumpa zawadi ya zulia jipya la Kigari, kubwa na zuri, la kufunika lile tundu. Wifi amelipokea kwa shukrani na kulitandika upande wa dereva. La upande wake amesema liachwe kama lilivyo, baba watoto awe analiona.

Fundi Kanyaga, asante kwa kila jioni tuliyofika nyumbani na kukuta chakula na kusahau kabisa kwamba tulishuka mteremko. Asante kwa kutukatalia mbao. Madereva wote wamekubali kuanza mafunzo mapya ya kukanyaga mara moja, na shahidi wa kwanza wa karakana baada yako nitakuwa mimi, mtunza stoo, kwa mguu wangu usiosoma.

Jioni hiyo ya tarehe thelathini tutajipanga getini pande zote mbili, na Kigari kitatoka kikiwa na watu wawili. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na barabara ya tambarare siku zote zilizobaki. Shuka salama. Na ukifika nyumbani, Fundi, usibishe hodi. Mwenye nyumba umekaa naye garini.